Siku Moja Lamu: Tazama Maji Kwanza, Saa Baadaye

Watu wanaoniuliza habari za Lamu huanza na bei ya chumba, wakaja kwenye ndege, wakamalizia na chakula. Habari ya maji haiulizwi. Mimi pia sikuuliza safari yangu ya kwanza, nikaishia kukaa saa nne ndani ya mashua iliyolala ubavu kwenye tope la mikoko. Mbu walikuwa wakinila, na nahodha alijinyoosha kwenye tanga akaniambia kwa utulivu wake wote, "Mai yamepwa, bwana. Tungoje." Tukangoja. Biskuti niliyokuwa nayo tuligawana watu watano.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku moja kamili, aliyelala Lamu usiku uliopita na atakayelala tena. Siku ya basi kutoka Mombasa usiihesabu. Ukipita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ukaonyesha kitambulisho kwenye vizuizi, ukavuka kwa boti hadi jeti ya Lamu, jua limekwisha na wewe umekwisha. Anayekuja kwa ndege hutua kisiwa cha pili, Manda, naye pia huvuka kwa boti. Kila mlango wa Lamu una maji.

Hatua ya 1: Jua mwezi ni wa ngapi

Ifanye usiku wa kuamkia siku yenyewe. Muulize mwenye gesti, au mzee yeyote anayetoka msikitini: leo mwezi ngapi? Anachokujibu ni tarehe ya Kiislamu, na ndani ya tarehe hiyo mna ratiba yako yote.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kama tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17, ni bamvua. Bahari hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita 3. Pwani yetu ina tabia moja ya kukumbukwa: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi hivi, alfajiri na tena alasiri, na hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja, tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24, mambo yamegeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, alasiri yamepwa. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa panga hivi. Kukiwa bamvua, mji uutembee alfajiri, Shela, kijiji cha kusini mwa mji, uiendee kwa miguu asubuhi maji yakiwa nje, na magofu ya Takwa, ng'ambo kisiwani Manda, uyaweke alasiri maji yanapopanda. Kukiwa maji mafu, anza na Takwa asubuhi, rudi mjini wakati wa joto ujifiche kwenye makumbusho, na Shela iwe ya jioni. Siku za katikati, waulize manahodha pale jetini, tena waulize wawili waliokaa mbalimbali. Jedwali la maji kwenye simu linasaidia, lakini yule anayepita kwenye mkondo wa bahari kila siku anajua fungu la mchanga limehamia wapi mwaka huu.

Maelezo yaliyo hapa chini nimeyapanga kwa siku ya bamvua. Wa maji mafu apindue.

Hatua ya 2: Mavazi na mfuko

Mji huu ni wa Waislamu na wa heshima zake. Mabega na magoti yafunikwe unapotembea mjini na Shela kijijini, mwanamume na mwanamke. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni, na ukitoka ufukweni jifunge kikoi au leso. Ndara zinatosha, ila ziwe zenye kushika: vichochoro vina mitaro, vina mavi ya punda, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Chukua maji ya kunywa, kofia na noti ndogo ndogo. Hakikisha pia kuna salio la kutosha kwenye M-Pesa, maana wa boti na wa juisi wote wana namba.

Picha za watu omba kwanza. Mama aliyevaa buibui akigeuza uso amekujibu, usingoje akwambie kwa mdomo.

Hatua ya 3: Saa kumi na mbili asubuhi, toka nje

Usikawie kitandani. Lamu ya saa kumi na mbili na Lamu ya saa tano ni miji miwili. Shuka ufukoni mbele ya mji, ambako mashua zinapakua mchanga, saruji na kreti za soda, na punda wamejipanga wakingoja mizigo. Kisiwa hiki ndivyo kilivyobeba vitu vyake karne na karne, na hadi leo gari mjini ni jambo la kuhesabu kwa vidole. Pikipiki zimeingia miaka ya karibuni, na ukitaka kuwasikia wazee wakikasirika, zitaje hizo. Punda nao wana hospitali yao papo hapo ufukoni, ya bure, iliyofunguliwa mwaka 1987. Ukipita asubuhi utamkuta mmoja anasafishwa kidonda huku mwenyewe amemshika masikio akimsemesha.

Kifungua kinywa kitafute nyuma, upande wa Langoni, si kwenye mahoteli yenye viti vya kuegemea. Tafuta karai inayochemka na mama nyuma yake. Mahamri mawili ya moto, bakuli la mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Hamri bora ukilipasua hutoa mvuke wenye harufu ya iliki na ndani lina uwazi kama mfuko. Lililojaa unga kotekote limeharakishwa kuumuliwa. Chovya, kula, lipa, sema ahsante, ondoka kabla ya saa moja na nusu.

Hatua ya 4: Usita wa Mui na vichochoro vyake

Barabara kubwa ya mji huitwa Usita wa Mui, maana yake kwa Kiamu, lahaja ya hapa, ni njia ya mji. Upana wake ni punda wawili wakipishana kwa adabu. Inapita sambamba na bahari, na mitaa yote ni kichocheo cha kupotea. Potea. Kusini ni Langoni, kaskazini ni Mkomani, ambako nyumba za mawe za kale zimesongamana zaidi. Ukichoka kupotea, fuata mtelemko: kila mtelemko unakwenda baharini.

Wakati unatembea, masikio yawe wazi. Ukisikia "Simila! Simila!" jibandike ukutani upesi. Ni punda mwenye magunia anakuja nyuma yako, na yeye hana breki.

Tazama nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mlangoni pana daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni huketishwa bila kuingizwa ndani. Juu ya kichochoro utaona chumba kimeruka kutoka nyumba hii hadi ile. Hilo ni wikio. Wanawake wa nyumba mbili waliweza kutembeleana bila kushuka njiani.

Mlango mmoja uchague uusogelee hasa. Usipige picha kwanza. Angalia mhimili wa katikati, ule mti uliosimama kati ya mbao mbili, ufuate nakshi kwa kidole bila kugusa: ua, jani, mnyororo, ua tena, na mahali pamoja utaona patasi imeteleza kidogo, fundi akaifanya jani dogo la ziada. Nimeiona hiyo kwenye mlango mmoja wa Mkomani na kila nikija huenda kuusalimia.

Ukitaka mtu wa kukutembeza, vijana watakufuata tangu jetini. Si wabaya, na wengi wanajua mji kuliko vitabu. Patana bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, useme "saa mbili, basi," na umwambie kabisa hununui vinyago. Usipotaka, "Ahsante ndugu yangu, nami nina mwenyeji" inatosha. Ukinyamaza kimya utafuatwa hadi Shela.

Lamu iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Utakutana na maneno hayo kwenye vibao. Msikiti wa Pwani, karibu na ngome, unahesabiwa kuwa wa karne ya 14. Misikiti usiiingie bila ruhusa kama wewe si Mwislamu. Kama ni Mwislamu, Riyadha upande wa Langoni ndiyo ya kwenda. Habib Swaleh, sharifu aliyekuja kutoka Ngazija, ndiye aliyeijenga na kuwafundisha humo hata wale waliokuwa wakitengwa na elimu, na hapo ndipo Maulidi ya Lamu hukusanya watu wa pwani nzima kila mfungo sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Ukija mwezi huo weka chumba mapema mno, la sivyo utalala kwenye daka la mtu.

Hatua ya 5: Mkunguni na ngome

Saa mbili na nusu uwe Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Kando yako ni soko, mbele yako ni wazee na mchezo wa dhumna. Mnunuzi wa samaki atakupita na nguru begani.

Ngome ilimalizwa mwaka 1821 kwa msaada wa Waomani wa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Baadaye serikali ya kikoloni iliigeuza jela mwaka 1910, ikabaki jela hadi 1984, kwa hiyo watu wazima wa mji huu wanaikumbuka kwa milango ya chuma kuliko kwa mizinga. Panda juu ya ukuta: mapaa ya makuti na ya mabati, minara, mfereji wa bahari, na Manda ng'ambo. Nusu saa inatosha.

Makumbusho ya Lamu yako ufukoni. Kama una moyo wa jengo moja tu, ni hilo, kwa ajili ya siwa. Siwa ni pembe ya kupulizwa ya kifalme, na hapa zipo mbili zinazojulikana: ya Pate ya pembe ya ndovu, na ya Lamu ya shaba. Ilipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa, na kuruhusiwa kuipuliza ilikuwa ndiyo hadhi yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, makumbusho mengine ndani ya vichochoro, inakuonyesha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mpango wa vyumba. Ile ya Posta ya Wajerumani ni ndogo, ni ya kukumbuka posta waliyoiendesha hapa kati ya 1888 na 1891, na kusema kweli mimi huipita. Kiingilio uliza mlangoni, kwani raia, wakaazi na wageni hawalipi sawa, na beba kitambulisho ulipie cha kwako.

Hatua ya 6: Kwa miguu hadi Shela

Saa tatu na robo, maji yakiendelea kupwa, shika njia ya pwani kuelekea kusini. Ni kama kilomita 3, dakika 40 au 45 kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Sehemu ya mwisho njia inakuwa ufuko wenyewe, na maji yakijaa huzama, utabaki umebana ukutani na viatu mkononi. Ndiyo sababu tulianza na mwezi.

Shela kwenyewe ni kijiji cha mchanga. Nyumba zake nyingi sasa zimenunuliwa na kutengenezwa na wageni, nyeupe pee, zina maua na kufuli. Wengine hupapenda. Mimi napapita nikaelekea msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, wenye mnara mweupe uliochongoka usiofanana na wowote mwingine pwani hii. Utazame kutoka nje.

Kisha ufuko: kilomita 12 hivi za mchanga. Tembea dakika 15 tu kupita hoteli ya mwisho na utabaki na kaa na ndege. Kuogelea, fanya hivi: ingia mbele ya kijiji au mwanzo wa ufuko, usiende kwenye mdomo wa mfereji maji yanapotoka, kwa sababu mkondo wake huvuta hata mtu mwenye kifua. Mbele zaidi hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi, na msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huja na hasira. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni tulivu zaidi, ila jua ni la kuchoma. Mwokoaji usimtegemee. Anayekwenda ndani awe na wa kumtazama.

Vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuko si mapambo. Mvua ikinyesha hupenya humo ikahifadhika juu ya maji ya chumvi, na humo ndimo mji wa Lamu unamochota maji yake matamu. Ukipanda, panda kwa miguu, usiache chupa wala chochote kingine huko.

Humo humo kuna mifupa. Miaka ya 1810 mwanzoni, Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa Pate walikuja kuipiga Lamu wakatua Shela. Watu wa Lamu wakawashinda, nao wakakimbilia vyombo vyao. Wazee husimulia kwamba walivikuta vimekaa mchangani, maji yameshapwa. Walichinjwa pale pale ufukoni, na kwa muda mrefu upepo ukihamisha mchanga mafuvu yalikuwa yakitokeza. Baada ya vita hivyo Lamu ilimwita Seyyid Said, na ngome uliyoipanda asubuhi ikamalizwa. Mimi nilipolala kwenye tope la mikoko nilijiona mkosi. Niliposimuliwa habari hii niliona nilipata nafuu.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana, upesi

Saa sita na nusu ni adhana ya adhuhuri. Maduka mengi hufunga na hayana haraka ya kufungua. Ijumaa ni zaidi: kuanzia saa sita mji mzima unatulia, usipange lolote. Ramadhani mikahawa mingi haifungui mchana, beba chako na ule faraghani. Shela kuna mikahawa michache ya wenyeji nyuma ya kijiji. Agiza wali wa nazi na samaki wa kupaka, na uagize kabla ya kuogelea, maana samaki huchomwa kwanza, ukwaju na nazi vikafuata. Ukiagiza ukiwa tayari na njaa utamchukia mpishi bure.

Hatua ya 8: Takwa, kwa sharti

Hapa ndipo unapolipia au unapookoa siku. Takwa uko Manda, mji wa karne ya 16 na 17 uliohamwa, huenda kwa sababu ya maji ya visima kuwa ya chumvi. Watu wa Shela huhesabu huko kuwa asili yao, na huenda kuomba mvua. Kuna msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na nje kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka unaolingana na 1682, limesimama peke yake na mibuyu nyuma.

Njia ya kufika ni mkono wa bahari unaopenya mikokoni, na maji yakiwa haba boti haipiti. Kwa bamvua, ondoka Shela kama saa nane na nusu, maji yakipanda. Muulize nahodha maswali matatu kabla ya bei: maji yanajaa saa ngapi, tutabaki nchi kavu muda gani, na saa ngapi lazima tuwe tumetoka? Akijibu "usijali, tutaona," tafuta mwingine. Anayejibu kwa saa kamili ndiye wako. Huyo wangu wa siku ya tope alisema "tutaona", na tuliona.

Bei patana ya chombo kizima, kwenda na kurudi, na kungoja kuwemo ndani. Lipa nusu, nusu ukirudi. Huko Takwa saa moja inatosha. Nahodha akipiga mbinja, ondoka hata kama hujamaliza picha.

Maji yasipokubali, liache. Badala yake panda boti ya pamoja kutoka Shela hadi Lamu, nauli yake ni ndogo. Kama bado una hamu, muombe nahodha akupeleke siku nyingine, si leo, kijiji cha Matondoni ukaone mashua zinapotengenezwa. Watu hujaza Takwa, Matondoni na kijiji cha Kipungani katika siku moja, na wakirudi hawawezi kukumbuka walichokula.

Hatua ya 9: Jioni

Jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukirudi kutoka Takwa mwambie nahodha azime injini katikati ya mfereji na kupandisha tanga, kama upepo upo. Wengi hukubali, nao hupenda tanga kuliko injini. Magharibi ikiadhiniwa utasikia msikiti mmoja ukianza, wa pili ukidakia, hadi Langoni na Mkomani zikasikika kwa pamoja juu ya maji.

Chakula cha usiku kisiwe cha mezani. Zunguka Mkunguni na Langoni ule kidogo kidogo: viazi karai kwa ukwaju, bajia, mshakiki, muhogo wenye pilipili na ndimu, glasi kubwa ya juisi ya mabungo. Malizia kwa muuza kahawa. Anashika dele, birika lake la kahawa, mkono mmoja na vikombe mkono wa pili, anavigonganisha vikalia kabla hujamwona. Kahawa ni chungu, kikombe ni cha mafunda matatu, na haramu kukinywa bila kipande cha halua. Wazee watasogea benchi ukae. Sema "Masalkheri", kaa, usiseme mengi.

Kama kesho unarudi Mombasa, mabasi huondoka Mokowe asubuhi na mapema. Lipa chumba usiku huo huo, muulize mwenye gesti boti ya kwanza ya kuvuka ni saa ngapi, na nunua halua ya kupeleka nyumbani sasa, kwa sababu alfajiri muuza halua bado amelala.